Somo: Namna ya Kuandaa Maonyesho ya Mtaa kwa Vitu vya Nyumbani Vyenye Hadithi

Kwa kuwa nimeulizwa jambo hili mara nyingi hata nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja, naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Hatua ya 1. Mwombe kila mshiriki alete kitu kimoja tu anachokitunza, hata kama sokoni hakina bei: pasi ya mkaa, kibuyu, redio iliyokufa.

Hatua ya 2. Mwandikie stakabadhi.

Hatua ya 3. Rekodi maelezo yake akiwa amekishika, kwani vidole vikipita kwenye ufa ndipo maneno hutoka.

Hatua ya 4. Usikisafishe. Hapa ndipo nilipoharibu. Katika maonyesho yetu ya kwanza kule Walukuba, Jinja nchini Uganda, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda ambako Kiswahili kimewaunganisha majirani wa makabila mengi, mama mmoja mzee alituletea birika la alumini lililokuwa jeusi tititi kwa masizi. Nikidhani ninamheshimu, nililisugua kwa majivu na mchanga hadi likang'aa. Asubuhi alilizungusha mara mbili mikononi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wadeni wangu umewapeleka wapi?" Kumbe alikuwa akiwakopesha chai wafanyakazi wa zamu ya usiku, na kila deni alilichora kwa msumari juu ya masizi, mistari saba ya mwisho ilikuwa ya watu waliohama bila kulipa, viwanda vya Jinja vilipodorora baada ya 1972, naye aliacha kulitumia birika hilo ili moshi usiifunike. Tulilitundika hivyo hivyo, likimetameta, pamoja na sauti yake akinisema. Basi, vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu, tena kwa idhini ya mwenyewe. Usipake vanishi, usizibe ufa, na usinyooshe kilichopinda.

Hatua ya 5. Kifunge kitu kwa uzi wa pamba juu ya lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, au juu ya mkeka. Gundi ni marufuku.

Hatua ya 6. Kibandiko kiandikwe kwa maneno ya mwenyewe. Akisema "kisahani cha mama mkwe", usikigeuze kuwa "chombo cha jadi".

MASWALI

Mwanachama, Mbale: Je, sufuria ikiwa chafu sana naweza kuiosha kidogo?

Jibu: Soma hatua ya 4.

Mwanachama, Kampala: Nimenunua vitu arobaini katika soko la Owino ili nisiwasumbue wazee. Hadithi zake nitazitunga mwenyewe.

Jibu: Hayo yatakuwa mapambo, ndugu yangu. Somo hili halikuhusu.

Mwanachama, Masaka: Samahani mwalimu, kwetu Buganda lubugo ndilo tunalowafungia marehemu. Mtu aliye hai hatashtuka kuona kitu chake juu yake?

Jibu: Ahsante sana, dada, swali hili lilistahili kuwa hatua. Lubugo hupigwa kutoka gome la mti wa mutuba, na ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005; huvaliwa hata katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa hiyo si la msiba peke yake. Hata hivyo, mwenye kitu ndiye aamue. Mwonyeshe kitambaa kabla ya siku ya kutundika, na akisita hata kidogo mpe mkeka wa mafunjo bila kumhoji. Mzee mmoja alilichagua lubugo kwa sababu hiyo hiyo: kikombe kilikuwa cha marehemu kaka yake.

Mwanachama, Arua: Kwetu mvua ikipiga mabati, rekodi yote huwa kelele.

Jibu: Ingieni chumba chenye kitanda, mzungumzaji aketi akielekea godoro lililosimamishwa ukutani, nawe uiweke simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri mbili kutoka mdomoni.

Mwanachama, Mbale: Na nikiosha kwa maji matupu, bila sabuni?

Jibu: Hatua ya 4.