Mbegu ya maharage yenye punje kubwa: chagua shina, usichague kwenye lundo

Kasulu, Buhigwe na Kibondo, mkoani Kigoma, mbegu huchaguliwa zaidi kwenye mkeka: maharage yakishapigwa na kupepetwa, yaliyonona yanaokotwa na kutengwa. Kazi hiyo huondoa yaliyooza na yaliyotobolewa, na iendelee. Lakini punje za msimu ujao hazikui kama inavyotarajiwa, kwa sababu kwenye lundo huwezi kujua ipi imenona kwa asili yake na ipi imenona kwa kuwa shina lake liliota kwenye udongo wa kichuguu.

Harage la mwituni, huko Amerika lilikotoka, punje zake 100 kwa kawaida hazifiki gramu 15. Tunayoyaita makubwa leo hupita gramu 40. Wenyeji wa milima ya Andes na wale wa Mexico waliligeuza kuwa zao kila upande kivyake, na makubwa mengi yana asili ya Andes. Hakuna jeni moja (chembe ya urithi inayotoka kwa mzazi) ya ukubwa. Zipo nyingi, zimetawanyika kwenye jozi 11 za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), kila moja ikiongeza kidogo. Walichofanya wakulima wale ni kupanda tena na tena watoto wa mashina yaliyokuwa na jeni hizo.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, jiulize kama mbegu yako ina tofauti ya kuchagua. Harage hujichavusha lenyewe, hivyo ukoo wa shina moja baada ya vizazi kadhaa hufanana karibu kabisa. Mwaka 1903 Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alionyesha jambo hili kwa koo 19 za maharage: ndani ya ukoo mmoja, punje kubwa na punje ndogo zilizaa watoto wa wastani uleule. Ukiwa na mbegu safi ya aina moja, kama Lyamungu 90, kuchagua ukubwa ni kupoteza msimu. Anza na mchanganyiko wa kienyeji, wenye rangi na maumbo tofauti.

Shamba likichanua, funga uzi kwenye mashina 40 yenye afya. Ruka ya pembezoni, ya kwenye kichuguu na yaliyo jirani na mapengo, maana hayo yamepata chakula na mwanga zaidi. Ruka pia yenye majani ya mabakamabaka yaliyojikunja. Hiyo ni dalili ya virusi vya batobato, navyo huingia ndani ya mbegu. Wakati wa kung'oa, acha shina lenye maganda machache kuliko majirani zake: punje zake zimenenepa kwa kuwa zilikuwa chache tu.

Kila shina liwe na mfuko wake wenye namba. Kausha, hesabu punje zote, pima kwa mizani inayosoma gramu moja, gawanya gramu kwa idadi ya punje, kisha zidisha kwa 100. Shina lenye punje 40 zenye gramu 18 lina gramu 45 kwa punje 100. Chukua mashina 8 bora.

Msimu unaofuata, panda punje 20 za kila shina: 10 upande mmoja wa shamba na 10 upande mwingine, sm 10 kati ya punje na sm 50 kati ya mistari. Zinazobaki ziweke akiba. Kati ya mistari hiyo panda mistari miwili au mitatu ya mchanganyiko usiochaguliwa. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na bila hiyo mvua nzuri itakudanganya kuwa umefaulu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme mashina 40 yalikuwa na wastani wa gramu 38 na yale 8 gramu 48; ulichagua kwa tofauti ya gramu 10. Watoto wakipata 44 na mchanganyiko wa jirani 38, umebaki na gramu 6. Asilimia 60 ya tofauti imerithiwa. Ikikaribia sifuri, ulichagua udongo.

Usibaki na ukoo mmoja. Weka angalau koo tatu au nne, la sivyo ugonjwa mmoja unaondoka na zote. Pima pia mavuno yote ya kila mstari, kwani punje kubwa mara nyingi huwa chache kwenye ganda, tena hula mbegu nyingi. Kwa nafasi ileile ya sm 50 kwa 10, ekari huchukua punje 81,000 hivi: kilo 20 zikiwa za gramu 25 kwa punje 100, kilo 40 zikiwa za gramu 50.

Kabla ya kuhifadhi, tia punje chache na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha maharage juani. Isipoganda, jaza kila ukoo kwenye chupa yake hadi mdomoni na ufunge kabisa. Bungua waliomo watakosa hewa.