Kabla hujapeleka posa: mchezo wa kunde na mbaazi

Mpwa wangu ashapata mchumba, na nyumbani ni mahari, ukumbi, nani atapika biriani, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza, wewe ni AA ama AS, yaani huna jeni ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ama unaibeba? Nikawatoa jikoni vikombe viwili vya kahawa tungu nikawaonyesha hivi, nanyi jaribuni.

Kikombe kimoja ni baba, kingine mama. Kila kimoja weka punje mbili tu, manake kila mtu ana jeni mbili za hii himoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu, moja katoa kwa babake na nyingine kwa mamake. Mbaazi ndo A, iliyo sawa. Kunde ndo S, ile inayoleta sikoseli. Mtu wa AS ana mbaazi moja na kunde moja, na haumwi, anacheza mpira Tononoka kama kawaida, ndo maana wengi hawajijui.

Sasa fumba macho, toa punje moja kila kikombe, ziweke pamoja, huyo ni mtoto wa kwanza. Andika. Alafu RUDISHA punje kwenye vikombe vyake ndo uchote wa pili, hapo ndo watu hukosea. Ukichota mara 40 utaona karibu robo ni AA, nusu AS, na robo kunde mbili, yaani SS, huyo ndo mgonjwa. Lakini wanne wa kwanza waweza kuwa wazima wote, ama wawili wa SS wakafuatana, kwahivo ile "tushapata mmoja mgonjwa, watatu waliobaki ni salama" ni uongo, kila mimba ni kuchota upya. Badilisha kikombe kimoja kiwe mbaazi mbili uone: SS haitoki ng'o.

Na anayemlaumu mama aone haya. SS inataka kunde kutoka pande zote mbili, si jini, si jicho la mtu. S imedumu huku Pwani na kule Ziwa Victoria kwasababu ya malaria, mtu wa AS hapati malaria kali kirahisi, na aliyeonyesha hivo mwaka 1954 ni Anthony Allison, ambaye alikulia hapa hapa Kenya.

Kipimo: ulizia elektroforesisi ya himoglobini. Kile cha haraka cha siklingi kinakwambia S ipo ama haipo basi, hakitofautishi AS na SS. Kama umeongezwa damu miezi mitatu iliyopita sema, manake majibu yaweza kuwa ya damu ya mwenzio. Na muulize daktari kuhusu thalasemia pia, ugonjwa mwingine wa himoglobini wa kurithi, mtu wa AS akizaa na anayebeba beta thalasemia mtoto aweza kuugua ingawa mmoja wao hana S kabisa.

Wanaooa mtoto wa ami, sisemi msioane, lakini babu yenu ni mmoja, kama alikuwa na kunde yaweza kuwa imeshuka vikombe vyote viwili, na hiyo ni kwa magonjwa mengine mengi ya namna hii, hata ualbino.

Si yote huenda hivi lakini. Himofilia, ule ugonjwa wa damu kutokatika, jeni yake iko kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya X, mwanamume anayo moja tu kwahivo ikiwa mbovu hana ya akiba, na baba mwenye himofilia hawapi wanawe wa kiume (hao kawapa kromosomu ya Y, X wametoa kwa mama) ila mabinti wote wanaibeba. Kwahivo ukichora ukoo usiishie kwa kina ami, ulizia wajomba, ulizia kuna aliyetahiriwa damu ikakataa kukatika? Bibi mmoja mzee atakumbuka hayo yote na zaidi ya uliyouliza.

Mpwa wangu kapimwa, ni AS. Mchumba bado, ati yuaogopa sindano.