Somo: Kuotesha mkrismasi kwa mbegu

Ndugu zangu, nazungumzia mti ule wa maua mekundu unaowaka barabarani Novemba na Desemba, asili yake Madagaska. Wapo wanaouita mjohoro, lakini mjohoro wa maua ya njano ni mti mwingine. Msichanganye mbegu.

Hatua ya 1: Okota maganda makavu chini ya mti. Makubwa hufika karibu futi 2 na ni magumu kama mbao, kwa hiyo yapasue kwa panga. Mbegu zenye vitobo tupa.

Hatua ya 2: Hapa ndipo wengi hukwama. Gamba la mbegu halipitishi maji, ukiifukia hivihivi utasubiri hadi uchoke. Chemsha maji, epua, ndipo uzimwagie mbegu (usizichemshe jikoni, utakuwa unapika maharage). Ziache hadi kesho yake. Zilizovimba, panda. Zilizogoma, sugua kwa msasa upande ulio mbali na kovu lake (pale iliposhikana na ganda) mpaka weupe uonekane, kisha loweka tena. Mimi siku hizi naanza na msasa moja kwa moja. Mikono inauma ila mbegu chache sana hunikatalia.

Hatua ya 3: Kiriba chenye udongo wa juu, mchanga na samadi iliyoiva. Fukia sentimita 2. Baada ya wiki 1 au 2 utaona mche.

Hatua ya 4: Mvua zikianza, hamishia shambani mche uliofika goti. Kaa angalau mita 10 kutoka nyumba, ukuta au bomba, maana mizizi yake hutambaa juujuu. Wangu wa kwanza niliupanda hatua nne kutoka barazani kwa tamaa ya kivuli. Baada ya miaka 8 saruji iliinuka, mlango wa stoo ukawa haufungi. Niliukata ukiwa umechanua, jirani akaninunia wiki nzima.

MASWALI

– Mkuu, wangu una miaka 4, majani tu. Tatizo nini?

Vumilia. Wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 10 kuchanua, wakati mwingine zaidi. Na kama unauwekea mbolea ya urea, acha, unalisha majani.

– Shikamoo mwalimu. Majani yote yamepukutika Agosti, umekufa?

Marahaba. Kwaruza gome kwa kucha. Ukiona kijani, umelala tu kwa sababu ya kiangazi.

– Kwa kuwa ni jamii ya kunde, niupande kwenye mahindi urutubishe udongo?

Hapana kaka. Ukoo ni huo kweli, ganda linajieleza, lakini mizizi yake haina vile vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Tena kivuli na mizizi vitayadhulumu mahindi. Panda mbaazi, utakula pia.

– Naweza kuegesha gari chini yake?

Siku isiyo na upepo. Matawi yake huvunjika kirahisi.

– Mbegu unazo?

Kopo zima. Njoo na msasa wako.