Kula kwa Afya Unapolala Hotelini Tanga

Ulaji wa msafiri anayekuja Tanga kikazi huharibiwa zaidi na kifungua kinywa cha hoteli, kwa kuwa kimekwisha kulipiwa pamoja na chumba na mtu huona hasara kukiacha. Njiani si vigumu kujihadhari: ondoka na maji yako, ndizi mbivu na karanga zisizotiwa chumvi, na basi likisimama Muheza katika msimu wa machungwa, nunua ambayo hayajamenywa, kwa sababu kisu cha muuzaji hukijui kimepita wapi.

Asubuhi, izunguke meza nzima mikono mitupu kabla ya kuchukua sahani. Mara nyingi maandazi, chapati na soseji huwekwa mbele, ilhali mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu na matunda viko mwisho, na aliyeanza kujipakulia mapema hufika huko sahani imekwisha kujaa. Nusu ya sahani iwe matunda na mboga, robo iwe wanga, na robo iliyobaki iwe mayai au mbaazi. Mbaazi za nazi ni chakula kizuri chenye protini na nyuzinyuzi, ila tui lake ni zito, kwa hiyo zile pamoja na muhogo wa kuchemsha badala ya mandazi lililokwisha kunywa mafuta. Mpishi wa mayai akiwa amesimama pale pale, mwombe akuchemshie, au akaange kwa mafuta kidogo. Ni ombi la kawaida wala halimkeri.

Kagua pia chakula kilichokaa kwenye vyombo vya kupashia moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kitunzwe katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Ukifunua kifuniko usione mvuke, na mchuzi umefanya utando juu, kiache.

Jioni ndipo Tanga inapomfaa msafiri, maana samaki wa bahari hawako mbali. Agiza changu wa kuchoma au wa mchuzi, si wa kukaanga, na utoe agizo mapema ili jikoni wasikimbilie karai la mafuta. Omba chumvi iwe kidogo na limau liletwe pembeni. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na chipsi zilizonyunyiziwa mezani hukusogeza huko upesi. Uliza kama kuna mchicha, matembele au kisamvu hata kama orodha ya vyakula haivitaji, kwani mara nyingi wafanyakazi wenyewe hupikiwa mboga hizo.

Badala ya soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 inaweza kuwa na takribani gramu 35 za sukari, kunywa maji au dafu. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kuhusu dafu, kwa kuwa lina potasiamu nyingi. Naye mwenye kisukari anayetumia insulini ya kabla ya mlo asijichome eti kwa sababu ameambiwa chakula kinakuja: jiko la hoteli likielemewa, dakika kumi huweza kuwa saa nzima, na sukari ikashuka kabla sahani haijafika mezani.