Vifaranga wakianza kudonoana kwenye bruda, anza hivi

Ukifunua bruda, yaani kile kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, asubuhi ukamkuta mmoja amejikunyata pembeni, mkia umedonolewa mpaka nyama yaonekana na wenzake bado wamfuata nyuma, mtoe saa hiyo hiyo. Mengine baadaye. Kuku akiona chekundu hatulii, damu ikitoka kidogo tu wote wanakuja, na wakifika kwenye tundu la haja wanavuta mpaka utumbo unatoka nje, nimeliona hilo kwa macho yangu na sitaki mtu alione.

Muweke kwenye katoni yake penye joto, muoshe kidonda kwa maji vuguvugu alafu umpake ile dawa ya zambarau, jivii (gentian violet), inakausha na pia inaficha ule wekundu. Na yule anayeanzisha, manake mara nyingi huwa ni mmoja au wawili, mtoe naye siku mbili tatu. Wakague na wengine makalioni, kinyesi kikiganda pale wenzake hukidona mpaka wanamtia kidonda, kilainishe kwa maji ya moto kiasi, usikibandue kikavu.

Sasa kilichosababisha. Huku kwetu Malindi mimi naanza na joto kabla ya kitu chengine chochote. Vitabu vyasema wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, alafu unapunguza kama 3 kila wiki, sawa, lakini kaskazi ikikolea, Februari na Machi, mchana nje tu ni 31 au 32, wewe una balbu ndani na bati juu na umeziba na magunia, hao watoto wanaungua. Khalati yangu wa Muyeye alinipigia akaniambia, "Mwanangu, njoo, kuku wanalana." Nilipofika sa saba mchana, balbu nyeupe ya wati mia yawaka, vifaranga wote wamejibana ukutani mbali na taa, midomo wazi, mbawa wamezitanua. Tukazima balbu, tukashusha magunia upande wa upepo. Jioni walikuwa wamelala wametawanyika vizuri, na hivo ndivyo unavyotaka kuwaona. Wakirundikana chini ya taa ni baridi, wakiikimbia ni joto, hata kipimajoto huhitaji. Usiku ukiwasha tumia balbu nyekundu, mwanga mkali mweupe unawachokoza na ule mwekundu unafanya damu isionekane. Tafadhali balbu usiifunike na kitambaa kupunguza mwanga, nyumba zetu za makuti moto hauna subira.

Alafu nafasi. Vifaranga 20 kwa mita moja mraba mpaka wiki nne, na wakianza kuota manyoya, wiki ya pili ya tatu hivi, ndio uangalie sana kwa sababu manyoya machanga yana damu ndani. Vyombo vya chakula na maji viwe kadhaa, sio kimoja wote wapigane, na wakubwa usiwachanganye na wadogo.

Chakula, hapa wengi tunajiponza. Chiki mashi, kile chakula cha vifaranga cha dukani, ni ghali najua, lakini ukiichanganya nusu kwa nusu na unga wa mahindi ili ifike mwisho wa mwezi umewapunguzia protini, na kifaranga mwenye njaa ya protini huitafuta kwenye manyoya ya mwenzake. Wape chiki mashi yenyewe. Na maji uyaonje wewe kwanza, visima vyetu vingi huku karibu na bahari vina chumvi, ukiyaona hayanyweki kwako basi kwao pia hayafai.

Pia wape kazi. Funga fungu la mchicha kwa uzi, lining'inize usawa wa shingo zao, watalidona kutwa nzima. Mchanga wa kuparura uwe wa mtoni, ule wa ufukweni una chumvi.

Kukata midomo kwa wembe nyumbani mimi sikubali, inauma na ukikosea kidogo kifaranga hawezi kula tena, kama yote hayo umefanya na bado wanaumizana muite afisa wa mifugo aje awaone hapo hapo kwenye bruda. Yule uliyemtenga mrudishe kidonda kikishakauka kabisa, usiku, wenzake wakiwa wamelala, na sa kumi na mbili asubuhi uwe umeshafika bandani kumtazama.