Namna ninavyosoma mtawanyiko wa molekuli za polipropilini kwa reomita

Niliwahi kuletewa mifuko miwili ya chembe za plastiki ya polipropilini, yote imeandikwa kiwango kilekile cha myeyuko, yaani jinsi plastiki iliyoyeyuka inavyotiririka, kilichopimwa kwa nyuzi 230 za Selsiasi na uzito wa kilo 2.16. Mmoja ulitoa vifuniko vya ndoo vilivyonyooka, mwingine vikapinda vyote. Tangu hapo siridhiki na namba ile moja. Haikuambii kama minyororo ya molekuli inakaribiana urefu au mifupi imechanganyika na mirefu mno, na huo ndio mtawanyiko.

Kandamiza chembe kwa joto upate kidonge cha upana wa milimita 25, kisicho na povu ndani. Kiweke kati ya sahani mbili za reomita, kifaa kinachotikisa plastiki iliyoyeyuka na kupima inavyokinza, kwa nyuzi 200 na ufungulie nitrojeni, maana hewa ya kawaida hukata minyororo ukiwa bado unapima. Shusha sahani ya juu ibakie zaidi kidogo ya milimita 1. Plastiki itajitokeza pembeni, nzito kama asali ya asubuhi ya baridi. Ikwangue kwa kijiti cha shaba mpaka ukingo uwe sawa na sahani, ndipo ushushe hadi milimita 1 kamili. Hapa usiharakishe kabisa: ukikosea nusu kipenyo kwa asilimia 1, mnato, yaani ugumu wa kutiririka, unakosewa kwa asilimia 4.

Tafuta kwanza mtikisiko mdogo usiobadilisha majibu, kisha pima kuanzia kasi ya mtikisiko ya radiani 100 kwa sekunde hadi 0.01. Mwishoni uwe na subira, mzunguko mmoja tu unapita dakika 10. Ukimaliza, rudia kipimo cha radiani 10. Kikiwa kimeshuka, sampuli imeharibika, anza upya.

Sasa tazama pale moduli ya unyumbufu (jinsi plastiki inavyorudi kama mpira) inapokatana na ile ya mnato (jinsi inavyotiririka). Makutano yakisogea upande wa mtikisiko wa kasi, minyororo ni mifupi. Yakiwa chini, yaani moduli yenyewe ni ndogo, mtawanyiko ni mpana. Kwa polipropilini, watafiti Zeichner na Patel walitupa kanuni ya kipimo cha mtawanyiko mwaka 1981: gawa paskali 100,000 kwa moduli ya makutano. Mfuko wa vifuniko vilivyopinda ulinipa 20,000, yaani 5. Ule mzuri ulikuwa 40,000, yaani 2.5.

Uzani wa wastani wa molekuli usome kwenye mnato wa mwendo wa polepole kabisa, pale mchoro unapolala. Mnato huo hupanda kwa kipeo cha 3.4: uzani ukiongezeka maradufu, mnato unazidi mara 10.

Polithini yenye matawi marefu usiipime hivi. Matawi yenyewe hubadilisha mnato, na kanuni hizi zitakudanganya. Hiyo ipeleke kwenye kromatografia, njia inayotenganisha molekuli kwa ukubwa.