Somo: Gundi ya akasia, kutoka gomeni hadi kiwandani

Hii ndiyo E414, namba ya kiongezeo mnayoiona kwenye vifungashio vya vyakula. Hutokana na miti miwili jamii ya mgunga: Senegalia senegal, ambayo Wasudani huiita hashab, na Vachellia seyal, yaani talha. Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, na hashab ya Kordofan, eneo la huko Sudan, ndiyo viwanda vinavyoitumia kupimia nyingine zote. Tafadhali msichanganye aina hizi mbili kwenye gunia moja. Mkishachanganya, bei ya hashab hamtaipata tena.

1. Kugema. Subiri mvua ziishe na majani yaanze kupukutika. Sudan huwa Oktoba au Novemba. Mti ukiwa bado kijani, gundi hutoka kidogo au haitoki kabisa. Chagua mti wa miaka 4 au 5 kwenda juu. Ingiza ncha ya chuma chini ya gome la tawi, kisha vuta utepe wa upana wa sentimita 2 hadi 3 na urefu wa 30 hadi 60. Ondoa gome peke yake. Ukichimba hadi kwenye mti wa ndani, wadudu hupata njia ya kuingia. Ukibandua gome kuzunguka tawi lote, linakufa. Msimu ujao hamia upande wa pili.

2. Kuvuna. Madonge ya kwanza ya gundi huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 6, halafu unarudi kila baada ya wiki 2 hivi. Yachume kwa mkono. Yakianguka yakiwa bado mabichi, mchanga hunata na hautoki. Mti mmoja hutoa takriban gramu 200 hadi 300 kwa msimu.

3. Kukausha. Tandaza juu ya mkeka safi, geuza, ondoa magome. Usioshe kabisa: gundi hii huyeyuka katika maji. Unyevu usizidi asilimia 15. Hifadhi kwenye magunia ya juti. Ndani ya plastiki madonge hutoa jasho, hugandana na kuota ukungu.

4. Kuyeyusha. Ponda gramu 100, nyunyiza kidogo kidogo kwenye mililita 200 za maji ya uvuguvugu huku ukikoroga. Ukiimwaga yote kwa pamoja, inafanya mabonge yaliyolowa nje na makavu ndani. Iache usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Usichemshe kwa muda mrefu, maana joto huharibu protini inayoshikilia mafuta ndani ya maji, na soda za machungwa huitegemea protini hiyo. Kwa rangi za maji, peremende au uchapaji wa litografia, madhara hayo si makubwa.

Maswali ya wanachama

*Mbona mafuta ya chungwa niliyochanganya na maji ya gundi yanaelea juu baada ya siku chache?*
Matone ni makubwa mno. Yanatakiwa yawe chini ya mikromita 1, na hapo mashine ya kuvunja matone kwa shinikizo haikwepeki. Pia mafuta hayo ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo viwanda huyaongezea uzito kwa gundi ya esta itokanayo na utomvu wa msonobari. Kama umetumia talha, ongeza kiasi: hushika mafuta kwa udhaifu.

*Yangu imeganda kama jeli.*
Kagua boraksi na kutu ya chombo, vyote huigandisha. Spiriti nyingi nayo huifanya ijitenge na maji.

*Nitajuaje nimeuziwa talha?*
Donge la talha huvunjika-vunjika kirahisi, lakini jicho hudanganya. Peleka maabara ipimwe kwa polarimita, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyozungusha mwanga: hashab huzungusha mwanga kushoto, nyuzi -26 hadi -34, talha huzungusha kulia, +40 hadi +60. Jibu likiangukia katikati, ujue gunia limechanganywa.